Ngumi Juu ya Kichwa cha Mume Wangu

Mume wangu ni mwimbaji, na hilo nalisema kama mtu anavyosema mumewe ana presha. Bendi yao ina watu watano, na kwa miaka mingi wasikilizaji wao wamekuwa hao hao watano, ukiongeza wahudumu ambao hawana pa kukimbilia. Mimi ni fundi cherehani. Sare zao nazishona mimi, na kila nikizishona upya nakuta matumbo yamesonga mbele na muziki umebaki pale pale. Nikiulizwa mume wangu yuko wapi Jumamosi, nasema yuko kwenye mambo yake. Neno "kazini" nililiweka akiba kwa siku atakayopata kazi.

Siku hiyo ilikaribia kaka yangu alipotafuta mtu wa kukaa stoo katika duka lake la vifaa vya ujenzi. Nilimwambia asitafute mbali.

"Mimi msanii nikakae na misumari?" mume wangu aliniuliza.

"Misumari angalau haiondoki ukiwa katikati ya wimbo."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, nikaona nikate mzizi wa fitina. Nilimpa wikendi moja. Ukumbi mzima ukisimama akiwa anaimba, hata mara moja tu, nitafunga mdomo na habari ya stoo hataisikia tena. Usiposimama, Jumatatu asubuhi ataripoti kwa shemeji yake. Alikubali upesi mno, nikajua ana lake jambo.

Jambo lenyewe nililikuta limebandikwa kwenye nguzo za umeme. MUZIKI LAIVU, NGUMI LAIVU. LAIVU MBILI, KITI KIMOJA. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenye ukumbi wanaopigia, bwana tunayemwita Mheshimiwa ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kugawa chakula msibani. Mpenzi wa ngumi ana kiu, alieleza, na mpenzi wa muziki ana huzuni. Ukiwakalisha pamoja watakunywa kwa sababu mbili tofauti. Alizungumza hivyo huku amefumba macho, kama mtu anayesoma maandiko.

Tatizo ni kwamba soketi zinazofanya kazi mle ukumbini ziko ukuta mmoja tu, ule wa jukwaa. Fundi umeme anakuja kesho tangu ukumbi ulipofunguliwa. Kwa hiyo televisheni kubwa ya kukodi ilitundikwa hapo hapo, juu kidogo ya kichwa cha mume wangu. Na kwa kuwa sauti mbili zisingeelewana, Mheshimiwa aliizima ya televisheni. Picha ingetoka kwa mabondia na sauti ingetoka kwa bendi. Alijipongeza kwa uvumbuzi huo akiwa peke yake.

Jumamosi jioni ukumbi ulifurika. Mume wangu alipanda jukwaani na koti lake la rangi ya zambarau, akakuta macho yote yanamwelekea. Kusema kweli yalimpita kidogo kwa juu, lakini aliyezoea viti vitupu hachambui mambo madogo. Alinyoosha mgongo. Mimi nilikaa meza ya mbele kabisa, mikono nimeikunja, kama hakimu.

Mpiga dramu alikuwa wa kwanza kuharibika. Ana shingo ndefu, na kila alipogeuka kuchungulia picha alichapa sahani za dramu kwa kila ngumi iliyotua. Ilipofika raundi ya nne bendi nzima ilikuwa inamfuata bondia mwenye bukta nyekundu, na wimbo wa mazishi ya rafiki ulikimbia kama kuku aliyeona kisu. Muuza matairi aliyekaa nyuma yangu alipiga kelele, "Mkwepe! Inama, inama!" Mume wangu, ambaye ni mtu wa adabu, aliinama kidogo na kushukuru.

Kisha akaanza "Usiinuke". Huo wimbo ni wangu. Aliutunga enzi zile anakuja kibandani kwangu kupunguza suruali ambayo haikuhitaji kupunguzwa. Kila mteja mwingine alipobisha hodi niliinuka, na yeye alibaki na suruali yake mkononi. *Usiinuke, mpenzi, usiinuke, kaa nami kidogo.* Ubeti wa pili ulinihusu mimi fundi mwenyewe, lakini wenzake walimwambia suruali si mahaba, akauacha. Nimeusubiri tangu hapo bila kumwambia, maana nami nina kiburi changu.

Alikuwa kwenye kiitikio pale bondia wa bukta ya bluu alipopigwa taya akaenda chini. Refa akaanza kuhesabu. Ukumbi mzima uliruka ukasimama, na watu ambao hawajawahi kuimba hata kanisani wakapokea kwa sauti moja, "Usiinuke! Usiinuke!" Mume wangu alirudia, nao wakarudia. Muuza matairi alikuwa analia machozi. Yule maskini hakuinuka, na mimi nilisikia wimbo wangu ukimzika mtu aliyepigwa ngumi.

Alishuka jukwaani jasho likimtiririka, akakaa mbele yangu.

"Umeona?"

"Nimeona. Mwenye bukta ya bluu ameanguka."

Alichukua leso, akajifuta taratibu kuliko ilivyohitajika. Kisha akacheka. Mbele ya jukwaa, nyuma ya kaunta, kuna kioo kikubwa cha kujitazamia, chupa zimepangwa mbele yake. Kumbe tangu raundi ya kwanza alikuwa anatazama pambano kwenye kioo. Alipomwona yule wa bluu anaanza kuyumba aliuacha wimbo mwingine katikati, akaingia "Usiinuke" akimsubiri aanguke.

"Wewe ulisema wasimame," aliniambia. "Hukusema wamsimamie nani."

"Kwa hiyo umechukua wimbo wangu ukawapa mabondia."

Hapo hakucheka tena. Nilimwambia ya leo haihesabiwi, tutaonana kesho, na kesho hakuna pambano. Nilikuwa nimeumia, na nikiumia sina huruma. Nilimpigia kaka simu pale pale, nikamwambia aandae kiti stoo.

Lakini Mheshimiwa ni mtu asiyeacha mfupa wenye nyama. Jumapili mchana alitangaza marudio ya pambano, na watu walirudi wote kubishana kama refa alihesabu haraka. Walikuwa wanajua nani atapigwa, lini na wapi, na bado waligombania viti. Mume wangu alipanda jukwaani akakiangalia kioo cha kaunta, nami nikamwangalia yeye. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikajisemea, lakini ukingo wenyewe sikuuona.

Raundi ya tatu picha ilikatika. Mheshimiwa alipanda kiti akaipiga televisheni kofi, upande mmoja na upande wa pili. Ikabaki nyeusi. "Ni dishi," alitangaza. "Napanda juu ya paa, nipeni dakika. Bendi, endeleeni." Akatoka, na juu ya mabati tukasikia hatua za mtu asiyejua anachokitafuta.

Watu hawakuondoka. Walibaki wameikodolea macho televisheni nyeusi, kwa utulivu ambao sijawahi kuuona hata kwenye mahubiri. Mume wangu aliangalia kioo, akaona giza. Nilimwona uso ukimshuka. Hakuwa na bondia wa kumsaidia. Aliwageukia wenzake, akawaambia neno, na mpiga dramu akaweka vijiti chini.

Akaimba "Usiinuke" polepole, gitaa moja tu. Sauti yake imezeeka, sitamsingizia; juu haifiki tena, inachungulia na kurudi. Alimaliza kiitikio, nikadhani ataenda moja kwa moja mwisho kama kawaida yake. Badala yake alifumba macho.

*Fundi, umenipima kiuno, umenipima na mguu,*
*futi umeivaa shingoni, moyo hukuugusa.*

Nilisimama. Sikupanga. Nilikuwa nimekuja kumshinda, na magoti yangu yakanisaliti mbele za watu. Nilimpenda mtu yule kwa namna iliyonitia hasira.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikikwaruza, kisha viti vitano, kisha vyote. "Imerudi! Picha imerudi!" Waliponiona nimeinuka kwa ghafla walijua lazima nimeona kitu. Ukumbi mzima ulisimama, shingo zimenyooka, macho juu ya televisheni. Wakati huo huo mume wangu akafumbua macho yake. Akaendelea kuimba.

Wakaguna, wakakaa. Mimi nilibaki wima, kwa sababu kukaa katikati ya ubeti ule kungekuwa utovu wa heshima. Muuza matairi alinigusa bega.

"Mama, samahani, unatuziba."

"Nawaziba nini?"

"Televisheni."

"Imezimika, baba."

"Najua. Lakini unaiziba."

Sikukaa mpaka gitaa liliponyamaza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba gitaa na mimi nimebeba koti lake. Tulifika kwenye kona ya kibanda changu.

"Walisimama," alisema.

"Walidhani picha imerudi."

"Najua walichodhani. Kioo kilikuwa mbele yangu." Akahamisha gitaa bega la pili. "Na wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani umeshausahau ule ubeti."

"Nisahau vipi? Suruali ile ninayo mpaka leo. Bado fupi."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, nalegeza koti la zambarau pale kwapani, simu ikaita. Kaka yangu hana salamu ndefu.

"Dada, shemeji yuko wapi? Kiti kipo hapa kinamngoja."

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa anakoroma, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda.

"Mwache apumzike," nikasema. "Jana alikuwa kazini."