Minazi ya Bi Munira Yahamia Mtoni

Jumatatu moja asubuhi, mwaka wa tisini na mbili, Bi Munira alikuwa anakuna nazi barazani kwake Kigamboni. Akafika Fransis, karani wa ardhi, na baiskeli na barua. Alikuwa mtu wa bara, mpole, na hewa ya pwani ilikuwa bado inampa mafua. Alisema shamba la Bi Munira limepewa kampuni inayolima maharage mabichi ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Soko lilikuwa huria siku hizo.

Bi Munira akamwomba asiisome pale barazani. Wakaenda shambani, akaisoma kwa sauti katikati ya minazi. Barua ilisema ardhi ni ya serikali, ila minazi ni ya Munira binti Twalib, kwa kuwa aliyeipanda ni bibi yake. Pwani ndivyo ilivyo tangu zamani, ardhi ya huyu na mti wa yule. Mihuri ilikuwa miwili.

"Kwa hiyo minazi yangu, mwanangu."

"Yako, mama. Ndiyo maana utapewa fidia."

"Mie siuzi. Naondoka nayo."

Fransis akaipitia barua tena. Akasema haikatazi.

Jumatano minazi ikang'oka. Haikuwa na haraka. Ilichomoa mzizi mmoja mmoja, ikakung'uta mchanga, ikajipanga. Bi Munira alivaa doti mpya ya kanga, akatangulia bila kugeuka, maana mwenye mali hageukigeuki.

Kivukoni, Albano mpanga foleni aliiweka nyuma ya magari. "Bi mkubwa, hiyo mirefu ilale. Pantoni ikipinduka, mie nina watoto." Ikalala. Ng'ambo ikaamka, ikashika Barabara ya Kilwa, ikiinamia nyaya za umeme.

Katika mtaa wa Mtoni alikuwapo mdogo wake, Tabu, mwenye nyumba ya vyumba sita na ua mdogo. Tabu aliitazama minazi ikiingia, akauliza wapangaji wake wataogea wapi. Wakaogea katikati ya mashina, wakazoea. Mtaa wote ukapika kwa tui la Bi Munira, na akiulizwa ametokea wapi alijibu kwamba sie ni watu wa Kigamboni, tumekuja na vyetu.

Kampuni iliandika barua kumshukuru kwa kuisafishia shamba. Ikazungusha waya, ikachimba visima virefu, na visima vya majirani vikageuka maji chumvi. Maharage yakastawi. Ndege iliyoyabeba ilipita juu ya Mtoni kila jioni, na hakuna mtu wa pale aliyewahi kuyaonja.

Mwezi wa saba Najma, binti wa Bi Munira, akajifungua mtoto wa kike. Kwao kitovu cha mtoto huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Uani hapakuwa na nafasi hata ya shina la mchicha. Bi Munira akaenda dukani kwa Khalil kuomba debe tupu la mafuta. Akalitoboa chini, akajaza mchanga wa barabarani, akazika kitovu, akapanda mche.

Najma akauliza mnazi gani unakulia kwenye debe.

Mama yake akaliweka debe mlangoni, mahali pa kupita watu, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Bibi zako walipanda ya kusimama," akasema. "Huyu tunampandia wa kutembea."