Alipenda Kusuka Tu

Kaka yangu huja kunyolewa bure kila anapoitwa kwenye usaili. Hapa saluni tunamwita Profesa, maana ana digrii mbili na hana kazi hata moja. Namnyoa kwa kuwa ni ndugu yangu, na damu nzito kuliko maji.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa chake wakati binti yangu, aliyekuwa akikunja taulo, akasema bila hata kugeuka, "Mama, nimefaulu, sawa, lakini chuo siendi. Nitabaki hapa na wewe."

"Safi sana, mpwa wangu," Profesa akadakia. "Digrii karatasi tu. Mtazame mama yako. Hakusoma, na ndiye anayetulisha sote."

Hasira ilinipanda. Miaka yote watu wananisifu hivyo, na kila wakinisifu natamani kuwatandika. Miguu yangu imeumuka kama unga wa mkate kwa kusimama. Asubuhi vidole havifungi hata kifungo. Halafu aliyekwisha kuila digrii ndiye anayetuambia haina ladha. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

"Kwani wewe ulitaka kusoma, mama?" binti akauliza.

Profesa akacheka. "Huyu? Tangu mdogo alipenda kusuka tu."

Nikazima mashine.

"Nilikuwa wa kwanza darasani," nikamwambia kaka. "Ada haikutosha wawili, baba akakuchagua wewe kwa kuwa ni wa kiume. Nikawa nasuka kwenye vibaraza vya watu ili wewe ule huko chuoni. Hilo la kupenda mlilitunga nyinyi, mpate usingizi."

Akajitazama kwenye kioo, upande umenyolewa, upande msitu. "Dada, nimalizie basi. Nitachelewa."

Nikampa binti yangu mashine. "Mmalizie wewe. Saluni si umeitaka? Ichukue, na miguu hii uichukue. Ila usiseme umenifuata mimi. Mimi sikuchagua."

Aliishika muda mrefu, kisha akaitundika msumarini. Profesa akaokota kofia iliyosahauliwa na mteja, akaivaa, akatoka bila kuaga.

"Nitakwenda," binti akasema. Halafu akaniangalia. "Wewe ungesomea nini, mama?"

Nilifungua kinywa kumjibu, nikakuta sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza.