Gurudumu la Cherehani

Asubuhi Bibi aliketi mbele ya kompyuta ya mjukuu wake, miwani puani. Filamu aliyoitengeneza mjukuu huyo kuhusu mgomo wa washonaji ilikuwa ionyeshwe alasiri ile ile kwenye ukumbi wa maktaba, na binti wa Mashoto alikuwa amealikwa. Mashoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimamisha cherehani, wenzake arobaini wakamfuata. Alifariki bintiye angali ananyonya, asiache hata picha moja.

"Miezi minane nimepekua mikanda ya zamani, Bibi. Si uliniambia alikata kwa mkono wa kushoto? Huyu hapa!"

Kwenye skrini wanawake wawili walikuwa wakikata kitambaa, nyuso zimefifia kwa uchakavu wa mkanda. Mmoja alishika mkasi kwa kushoto, na chini yake paliandikwa "Mashoto".

Bibi hakuitazama mikasi. Aliitazama cherehani iliyokuwa nyuma yao.

"Hebu irudishe, mama. Gurudumu lake liko upande gani?"

"Kushoto."

"Miaka thelathini nimelizungusha kwa mkono huu wa kulia. Nani kalihamisha?"

Mjukuu alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mkanda uliwekwa kinyume wakati wa kunakiliwa. Kila kitu kimegeuka!"

"Basi Mashoto ni huyo mwingine. Na huyo uliyempa jina lake ni mimi."

"Wewe? Na hukujitambua?"

"Kwa kiuno hicho? Nilishakisahau, mjukuu wangu."

"Saa tisa watu wanaingia, Bibi."

"Ndiyo maana tusikae tumeshika tama. Geuza."

Mjukuu aligeuza picha, gurudumu likarudi kulia, na jina likaenda kwa mwenyewe. "Na wewe nikuandike nani?"

"Andika 'Aliyemfuata'. Inanitosha."

Alasiri, binti wa Mashoto, naye sasa mwenye mvi, alimwona mama yake akikata kitambaa, akipangusa jasho, akimcheka mtu fulani pembeni. Sekunde kumi na moja tu. Filamu ilipokwisha alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahanini. Pale kwa mama, naomba tena."

Wakamrudishia. Akaomba tena. Mlinzi wa ukumbi alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, muda wake wa kufunga umeshapita. Bibi alimwona akizitia mfukoni polepole, zisilie, kisha akavuta kiti naye akatazama.