Tiketi ya Mama Jocelyne

Hakuna mashine ya Kolwezi inayoweza kumshinda Mama Florentine maneno. Ndivyo alivyowaambia majirani zake wa mtaa wa Kasulo, mkono kiunoni, simu sikioni, mpaka jirani mmoja akamwonyesha kwamba ameishika juu chini.

Alikuwa anaita kampuni iliyomwekea plaka ya jua, yaani paneli ya sola, juu ya bati, taa tatu, na batri juu ya kabati. Siku hizi pale hujibiwi na mtu. Unajibiwa na akili bandia, sauti laini ya kike isiyokohoa wala kupiga chafya. Inakuuliza maswali, inachagua fomu mojawapo iliyokwisha kuandikwa, inajaza majibu yako, na tiketi, yaani ripoti ya hitilafu, imezaliwa. Tiketi zote zinakwenda ofisini, mtaa wa Manika, kwenye meza ya binti anayezisoma moja moja kabla fundi hajatumwa. Binti huyo ni Jocelyne. Na Jocelyne ndiye mtoto pekee wa Mama Florentine.

Kwa miezi mitatu Jocelyne hakuwa amekanyaga Kasulo. Kosa lilikuwa la ulimi. Wakwe walikuja kujitambulisha, suti zimepigwa pasi hadi zinakata. Mchumba, Josias, aliketi mikono magotini kama anangoja kuungama. Mama Florentine akamtazama, akamtazama tena, kisha akasema mbele ya wazee wa kijana: "Masikio ile inatosha kuanika mihogo ya mutaa muzima." Watu walicheka. Josias naye alicheka, maskini. Jocelyne hakucheka. Alikwenda kupanga chumba Manika, na simu ya mama yake hakuipokea tena.

Basi mama akawaza: simu yangu anaikataa, lakini tiketi ni kazi yake, ataisoma tu.

"Bonjour mama," ilisema mashine. "Niko na fomu ya taa haiwake, ya batri imekufa, na ya plaka imeibiwa. Shida yako ni gani?"

"Hauna fomu ya kuomba musamaha?"

"Hapana mama, ile haiko."

"Basi andika ya taa."

"Jina ya mwenye taa?"

"Mama Jocelyne."

Mtaa mzima unamwita hivyo. Mwanamke akishazaa, nani bado anakumbuka jina lake la ubatizo? Lakini mashine ilidhani "Mama" ni adabu tu, ikaiacha pembeni.

"Naandika: Jocelyne. Haiwake tangu wakati gani?"

"Miezi tatu."

"Nini iliiharibisha?"

"Mudomo."

"Mudomo ya waya?"

"Mudomo yangu, weye!"

"Asante mama. Ulijaribu nini mbele ya kutuita?"

Hapo mama aligeuka. Alitazama kiti cha Jocelyne, ambacho hakuruhusu mgeni yeyote akikalie.

"Hakuna," alisema polepole. "Nilikuwa nangojea iwake yenyewe."

"Haraka yake ni kidogo, katikati, ao mingi?"

"Mi niko na myaka makumi saba na moja. Hesabu weye mwenyewe."

Mashine ikaandika: mingi.

Kesho yake alasiri, taxi-moto, pikipiki ya abiria, ilizunguka shimo ambalo jirani amechimba kutafuta kobalti, ikasimama mlangoni. Jocelyne alishuka na mkoba begani. Hakusalimu. Alitoa simu, akasoma kwa sauti ya ofisi:

"Jina: Jocelyne. Shida: haiwake, tangu miezi tatu. Sababu: mudomo yangu. Walijaribu nini: hakuna, walikuwa wanangojea iwake yenyewe." Akainua macho. "Mama, ni mi ndio nilizimika?"

"Niliongea juu ya taa! Ona, nyumba ni giza."

Kusudi uongo usimame wima, alikuwa ameng'oa waya wa taa. Lakini redio inakula umeme wa batri ile ile, na redio ilikuwa inaimba kwaya, sauti zote nne. Jocelyne aliitazama redio. Akamtazama mama yake.

"Nilikosa, mutoto yangu," alisema Mama Florentine. "Josias akuje. Nitafunga mudomo na kitambaa. Masikio yake ni muzuri, inasikia mbali."

"Mama!"

"Nanyamaza."

Jocelyne alikaa kwenye kiti chake, akashika mkoba kwa mikono miwili. "Mi sikukuja juu ya ile. Fundi Henri ni mugonjwa, banituma mi. Natengeneza, narudia Manika leo leo."

"Bon. Toa turnevisi, ukaze waya."

Mkono wa Jocelyne uliingia mkobani kutafuta bisibisi, ukatoka mtupu, ukaingia tena. Mama yake, ambaye hajawahi kuchelewa kuingilia yasiyomhusu, aliuvuta mkoba akaufungua: kitenge cha kulalia, mkate, mswaki. Hata msumari haukuwamo.

"Ee! Fundi Henri anatengenezaka taa na muswaki?"

"Ile..." Jocelyne aliinamisha uso. "Ile ni ya kusugulia plaka. Na kitenge ni ya kupangusa."