Kipa wa Mpira wa Wavu

Fundi friji mmoja, ambaye wenzake wa karakana walimbatiza Barafu kwa sababu ya upole wake, alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa inakaa kwenye kiti cha kuegemea, imevaa ndala na imeshika rimoti. Shida hiyo ilikuwa baba wa mchumba wake.

Mchumba mwenyewe alikuwa mkata vioo kwenye duka la miwani, binti wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu, na alishasema ndiyo zamani. Mama yake naye alishakubali, tena kwa vigelegele. Ila baba sasa! Kila Barafu alipokwenda kuzungumzia ndoa, mzee alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akawasha televisheni, na habari ikaishia hapo. Hakatai, hakubali. Mtu unaondoka tumbo limejaa chai na hujui kama una mke au huna. Barafu alikuwa amekonda, jamani, na si mtu wa kukonda.

Ndipo binti akampigia simu akiwa amebana sauti.

"Jumapili mchana kuna nusu fainali ya mpira wa wavu, ya wanaume. Japani na Poland. Baba amesema uje muangalie wote."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na mpira wa wavu haangalii na mtu yeyote. Hata mjomba alishafukuzwa. Kwa hiyo anataka kukupima, ujue. Safari hii atasema neno, liwe zuri au baya."

"Mimi mpira wa wavu siujui hata kidogo!"

"Basi njoo ukae, uangalie, unyamaze."

Ushauri mzuri huo. Angeufuata nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mwanamume akishaambiwa kuna mtihani atanyamazaje? Barafu alikata simu akaenda moja kwa moja kutafuta mwalimu, na kati ya watu wote waliojaa dunia hii, akamchagua Kompresa.

Kompresa alikuwa fundi mwenzake, mnene, anahema kwa sauti hata akiwa amekaa, na hakuna jambo ambalo hakulijua. Siasa anajua, ndoa anajua, dawa ya meno anajua. Akaisimamisha simu yake juu ya friji bovu lililolazwa ubavu, akafungua mechi za mashindano hayo hayo zilizokwisha kuchezwa, na wao wawili wakavuta makopo ya rangi wakakaa.

"Anza na timu," alisema Kompresa. "Brazili hao wana mbwembwe, wakifunga pointi moja wanasherehekea kama wamepata mtoto. Italia wamepangika. Poland ndio wenyewe. Umewaona? Minara ya simu. Mtu mrefu kwenye mpira wa wavu ana kazi gani zaidi ya kunyoosha mkono? Wewe sema Poland, mzee atakuheshimu."

"Na hawa Wajapani?"

"Wafupi. Waache."

Barafu akatazama kwa makini, maana kwa kazi yake alikuwa mtu wa makini. Kitu kimoja kikamsumbua.

"Mbona huyu mmoja amevaa jezi ya rangi nyingine? Amesahau ya wenzake?"

Sasa hapa ndipo mtu mwenye haya angesema sijui. Kompresa alivuta pumzi ndefu. "Huyo ni kipa."

"Kipa? Goli liko wapi?"

"Goli ni uwanja wote, ndugu yangu! Mpira usiguse chini. Sasa nani anazuia usiguse chini? Si huyo anayegaagaa? Kipa akivaa sawa na wenzake, refa atamjuaje?"

"Lakini hapigi smashi hata moja."

"Umeona wapi kipa anafunga?"

"Na kila mara wanamtoa nje."

"Anacheza vibaya."

Jamani, si maelezo yalikuwa yameshiba? Kila swali lilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikaa sawasawa. Barafu akarudi kwenye kazi yake ya kuziba mrija uliokuwa unavujisha gesi, roho kwatu, anajiona kafuzu.

Jumapili akafika amepiga pasi mpaka soksi. Sebule ya kina binti ilikuwa ndogo na safi: viti vya vitambaa vyenye mito minene, zulia, na pembeni kabati la kioo lenye vyombo ambavyo mama alikuwa hataki vitumike wala viguswe. Mzee alikuwa ameshakaa. Mtu mfupi, mkavu, aliyestaafu utunzaji wa stoo katika kiwanda cha saruji, na bado alikuwa na lile jicho la mtunza stoo, la kumwangalia kila anayeingia kama anataka kutoka na kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Uko na nani, Poland au Japani?"

Hata chai haijaja! Barafu akakaza sauti. "Poland, mzee. Ni warefu."

"Warefu," alisema mzee, na neno lile akalitoa mdomoni taratibu, kama aliyekuta jiwe kwenye wali. Binti, aliyekuwa amekaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake, akamkata Barafu jicho. Huko ndiko kunyamaza tulikokubaliana?

Mechi ikaanza. Poland wakapiga, nyumba nzima ikasikia. Wakapiga tena. Mzee alikuwa haangalii wapigaji kabisa, alikuwa anaangalia chini, kwenye miguu ya Wajapani, na midomo inamcheza. "Shuka," alinong'ona. "Shuka, shuka, mapema!" Barafu naye, bila kutaka, akaanza kuangalia huko anakoangalia mzee. Na huko, walahi tena, kulikuwa na mchezo mwingine kabisa. Mpira unakuja na hasira zake zote, halafu anatokea mtu mdogo mwenye jezi ya peke yake, anajilaza, mpira unapanda tena juu kwa adabu. Ukija huku, yupo. Ukienda kule, keshafika. Barafu alisahau Poland, akasahau soksi, akasahau kwamba kuna mtihani. Mpira mmoja ukatoka nje kabisa ya uwanja, yule mtu akaukimbilia mpaka kwenye mabango, akajirusha, akaurudisha, na Wajapani wakapata pointi.

Barafu akaruka wima. "Kipa! Umemwona kipa? Yule kipa si mtu wa kawaida!"

Mzee akapunguza sauti ya televisheni. Akaiweka rimoti chini, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona mechi ikiendelea.

"Umesema nani?"

Kabla Barafu hajafungua kinywa, mama akapiga makofi. "Asante! Asante mwanangu! Miaka yote hii nasema ni kipa, naambiwa sijui kitu. Haya, na huyu je? Tumekaa tukapanga?"

"Mama wee," mzee akasema, "kwenye hili usiniingilie leo."

"Nakuingilia! Kazi yake kuzuia, jezi yake tofauti, afunge hafungi. Kama si kipa ni nani, mpiga picha?"

Hapo Barafu akaelewa kwamba amekanyaga pabaya. Kumbe ndani ya nyumba ile kulikuwa na kesi ya zamani, na yeye ameingia katikati yake kwa miguu yote miwili. Akimuunga mkono mama, baba amekwenda. Akimgeuka mama, aliyekuwa upande wake kwa muda wote huo, atakuwa mtu wa namna gani? Alimtazama binti amwokoe, binti akawa anachunguza kucha zake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Fundi," mzee akasema, "nani amekufundisha kwamba yule ni kipa?"

Barafu akakata tamaa, na mtu akikata tamaa husema kweli. "Kompresa, mzee."

"Nani huyo?"

"Fundi mwenzangu."

"Anaujua mpira wa wavu?"

"Haujui, mzee. Ila ana sauti kubwa."

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Mzee hakucheka. "Na Poland je?"

"Hao pia ni wa Kompresa. Mimi huu mchezo nimeuanza juzi juzi tu, mzee wangu. Niliogopa kuja kukaa hapa kama mzigo. Lakini yule mtu mdogo sijafundishwa na mtu. Yule nimempenda mwenyewe, hapa hapa, sasa hivi."

Mzee akaongea akiangalia kioo cha televisheni.

"Anaitwa libero. Kiwandani tulikuwa na timu. Niliipenda hiyo timu, na kazi yangu ilikuwa kubeba maji, kwa sababu ya urefu wangu huu unaouona. Miaka na miaka nabeba maji ya warefu. Halafu sheria ikaja: awepo mmoja wa kulinda nyuma tu, na rangi yake. Kocha akatutazama wote, akanitupia mimi jezi." Akakohoa. "Kipa anakaa anangoja. Libero hangoji. Simama."

"Mzee?"

"Simama nikuonyeshe. Chukua huo mto."

"Baba, magoti!" binti akasema.

"Magoti ni yangu. Nirushie."

Barafu akarusha mto kwa heshima zote. Mzee akaudaka kwa dharau. "Unambembeleza mtoto? Piga!"

Akapiga. Mzee akakunja magoti, akaunganisha mikono, mto ukapaa mpaka karibu na taa. Mama akasema loo. Barafu akapiga kushoto, mzee akaufuata. Akapiga kulia, mzee huyo, ndala zimebaki nyuma, uso umemng'aa, na ule ukali wa mtunza stoo haukuonekana tena popote. Walikuwa wanacheka wote wawili, wanapiga kelele kuliko televisheni. Barafu akanogewa. Akaupiga mwingine kwa nguvu ya kupindukia, na mkono ulipokwisha kuuachia ndipo akaona unakokwenda: kwenye kabati la vyombo.

Mama alipiga ukelele. Mzee hakufikiri. Alijirusha mzimamzima, kifua juu ya zulia, mkono umenyooka, mto ukagonga ngumi yake, ukainuka, ukapita pembeni mwa kabati bila kuligusa, ukaangukia mapajani mwa mama.

Vyombo vyote salama. Mzee kajigeuza, kalala chali anatweta, anacheka mpaka machozi, kiuno hakimsikilizi tena. Akainua mkono.

"Nishike, mkwe."

Barafu akaganda hapo hapo.

"Umesema nini?" mama akauliza.

Mzee naye alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe. "Nimesema nishike mkono."

"Hukusema mkono, mume wangu."

"Mkono! Mtu ameanguka atasema nini kingine?"

"Mimi nimesikia mkwe," alisema mama, ameupakata mto wake, "na masikio yangu hayana kasoro. Binti yako amesikia. Huyu mwenyewe amesikia, mtazame, kapauka."

Binti alikuwa amesimama, mikono mdomoni, hacheki tena, anamtazama baba yake tu. Kwenye televisheni watu walishangilia jambo ambalo hakuna aliyeliona. Mzee akamwangalia mwanawe, akamwangalia yule fundi aliyesimama juu yake, akashusha pumzi.

"Sasa mtaniacha hapa chini mpaka mechi iishe?" akasema. "Nivute basi, mkwe."

Safari hii hakuna aliyeuliza. Barafu akamvuta kwa mikono yote miwili, tena vibaya, nusura waanguke pamoja, ikabidi binti aje awashike wote.