Tairi la Tano

Rosmira alileta gari la jipu la kaka yake kwa Mzee Evelio, fundi matairi, asubuhi ya Ijumaa, ukungu wa Andes ukiwa bado umekalia barabara. Kaka huyo, Wilmar, alikuwa amepotea miezi mitatu. Jipu lilikutwa huko juu kileleni mwa mlima, funguo zikining'inia. Jumapili padre angesoma misa ya wafu bila mwili.

"Sasa nitaliendesha mimi," alisema Rosmira, akikaza mabegani ruana yake, vazi zito la sufi. "Matairi yote matano, la akiba likiwemo, yatie gesi ya naitrojeni."

"Umefanya vizuri. Ila upepo wa zamani lazima utoke wote kwanza."

"Huo alijaza Wilmar mwenyewe, siku aliyoondoka." Akacheka kidogo. "Angenisuta huyo! Angesema, dada umetajirika, hata upepo unanunua."

Evelio alifanya kama siku zote: akafungua pini ya tundu la upepo, akatoa upepo, akajaza gesi, akaitoa, akajaza tena, akafunga kifuniko cha kijani, alama ya naitrojeni. Kila tairi lilishusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo. La nne lilikohoa. Akajiambia ni maji.

La tano, lile la akiba, halikuisha upepo. Kipimo kilisoma sifuri. Akaweka kidole gumba kwenye tundu. Upepo wa vuguvugu ukampuliza, ukakoma. Kisha ukamvuta.

"Mzee, mbona umeduwaa?"

Akamshika mkono, akamwekea kidole pale pale.

"Anahema," alinong'ona Rosmira. "Anahema kama anapanda mlima."

Evelio akautazama mtungi wa naitrojeni. Miaka yote amewaonya watu wasijifungie chumbani na gesi ile. Si sumu. Inakunyima pumzi tu.

"Hili usilijaze, mzee."

"Silijazi, binti."

"Na yale manne?"

Evelio alipiga magoti, akayafungua moja baada ya jingine, akayajaza tena kwa pampu ya mguu, upepo wa kawaida wa mlimani. Kila lilipojaa aliweka kidole kwenye tundu, akasubiri. Hakuna lililohema; yalikuwa matairi tu.

Rosmira alilipakia la tano kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda, tundu likielekea dirishani. Akashusha kioo.

"Mwambie padre asubiri, asisome misa," alisema, akageuza jipu kuelekea kileleni.