Dawa Itoke Mwilini

Mkono wa kulia wa mzee Sempele ulianza kutetemeka mwaka ule walipohamishia ng'ombe upande wa Rudewa, na tangu hapo haukujua kutulia. Watoto wa boma walipomwinamishia vichwa awaguse, kama desturi ya Kimasai inavyotaka, mkono uligonga-gonga utosini kama mtu anayebisha hodi. Watoto wakacheka. Mzee akaanza kuuficha ndani ya shuka, na aliyekuja kuinamisha kichwa akaitikiwa kwa mdomo tu. Wadogo zake wakapata la kusema: amelaaniwa. Watu hawakosi la kusema.

Soila, binti yake, hakulikubali hilo hata kidogo. Alimpeleka hospitali Kilosa, akaandikiwa vidonge, na vikasaidia: mzee akanyanyua kikombe mwenyewe, akatembea mpaka zizini. Kisha Daktari Imelda, aliyekuwa akitafuta wagonjwa wa namna hiyo kwa utafiti, akaja na habari ya picha. Ndani ya ubongo kuna kitu kinaitwa dopamini, alisema, ndicho kinachousaidia mwili uende na utulie. Kwa mzee kinapungua. Dar es Salaam kuna mashine inayopiga picha ya ubongo na kuonyesha kimebaki kiasi gani.

"Hiyo picha nitapewa?" Soila akauliza.

"Utapewa nakala, mama."

Moyo ukamruka kwa furaha. Angeitandaza mbele ya baba zake wadogo, wamwonyeshe laana imekaa wapi.

"Ila vidonge vinaharibu picha," daktari akaongeza. "Usiku wa kuamkia siku ya picha, usimpe. Dawa iwe imetoka mwilini."

Soila alisikia vizuri, masikio yake hayana kasoro. Lakini yeye ni muuza maziwa, tena mwenye jina lake pale Kilosa, na ana amri moja ambayo hajawahi kuivunja: ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake hayauzwi mpaka siku kadhaa zipite, dawa itoke. Usiku mmoja? Ng'ombe wa sindano moja tu haaminiki kwa usiku mmoja, sembuse mzee aliyemeza vidonge kwa miaka. Akaona daktari anamhurumia tu mgonjwa. Basi yeye, kwa mapenzi yote, akavificha vidonge wiki nzima kabla ya safari, ili picha itoke safi.

Mzee akaanza kukakamaa, kwanza miguu, halafu shingo.

"Baba, vumilia," Soila akamwambia. "Dawa inatoka."

Mzee akavumilia. Alishazoea kumwamini. Siku ya safari vijana wa boma wakambeba kama mzigo hadi Mikumi, ambako gari la utafiti lingewachukua. Mwili ulikuwa wa moto na mate yalimtoka bila yeye kuyafuta.

Daktari Imelda aliteremka garini akitabasamu. Alipomshika mzee shingo, ikakataa kupinda, tabasamu likapotea.

"Amemeza dawa lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita," Soila akajibu, bado na fahari kidogo. "Ni safi kabisa, daktari."

Daktari akachuchumaa pale pale vumbini. "Mama, nilisema usiku mmoja. Dawa hii haikatwi ghafla, kuikata kunaua. Unayo? Mpe sasa hivi."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha Soila. Akafungua fundo la shuka, akaponda kidonge, akakitia maji, akammiminia baba yake kinywani. Maji yakarudi kwa pembeni ya mdomo. Akajaribu tena, akimsugua koo taratibu kama anavyomfanyia ndama. Yakarudi tena. Daktari alikuwa kwenye simu akiomba wapokelewe hospitali ya karibu, akirudia jina la dawa, akirudia tena, na malori ya Iringa yakipita yanameza sauti yake.

Macho ya mzee yalimtazama binti yake, na yalikuwa yanaelewa kila kitu. Mkono wa kulia ulilala wazi juu ya shuka. Haukutetemeka. Miaka yote Soila alimwomba Mungu autulize, na sasa alitamani kulia kwa hofu ya kuuona ulivyotulia. Akauinua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akauweka utosini.

"Baba, ni mimi," akasema. "Gonga."

Mkono ukakaa vilevile alivyouweka.